Kuta za bafu zilizooza: tuziandae vipi kabla ya kubandika vigae vipya?

Mleta uzi (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Miezi mitatu iliyopita, yapata saa nane za usiku, tuliamshwa na kishindo kutoka bafuni. Nilipowasha taa nikakuta vigae kumi na kimoja vya ukuta wa bomba la mvua vimelala sakafuni, na vingine vimevimba kama mkate unaoumuka. Niliokota kigae kimoja kizima nikakigeuza. Nyuma yake palikuwa na gundi iliyokauka vizuri, na juu ya gundi hiyo palikuwa na ngozi nyembamba ya rangi ya bluu. Ilikuwa rangi ya mafuta ambayo marehemu baba aliipaka bafuni nilipokuwa mtoto. Gundi ilikuwa imekishika kigae barabara, na rangi nayo imeishika barabara. Kilichoachia ni rangi yenyewe, iliyobanduka kutoka kwenye plasta ya chini yake.

Fundi aliyebandika vigae hivyo miaka sita iliyopita alichonga rangi ile kwa ncha ya mwiko hapa na pale, akasema inatosha. Fundi wa pili niliyemwita safari hii alifika Ijumaa, akatazama shimo lile, akaniambia nimnunulie mfuko mmoja wa saruji azibe Jumamosi na Jumapili jioni tuwe tunaoga. Nilimshukuru na kumwomba asubiri, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuingiza kidole kwenye plasta iliyobaki wazi, nayo ilimomonyoka kama biskuti iliyolowa. Kubandika vigae vipya juu ya ukuta wa namna ile ni kulipa mara mbili kwa kazi ileile, na kwetu sisi ambao tunadunduliza fedha za ukarabati mwaka mzima, jambo hilo linauma.

Naeleza nilivyofanya kwa utaratibu, kisha naomba wenye ujuzi wanisahihishe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua maji yanatoka wapi. Ukuta hauozi wenyewe. Watu wengi hufunga mabomba yote na kutazama mita ikiwa inazunguka, na njia hiyo ni nzuri pale maji yanapoingia nyumbani moja kwa moja. Kwetu maji hupanda kwanza kwenye simtanki, hivyo mita ya nje haiwezi kunieleza lolote kuhusu mabomba ya ndani. Nilichofanya ni kufunga maji yanayoingia kwenye tangi baada ya kila mtu kuoga, nikatia alama ya chaki kwenye kina cha maji, tukalala. Alfajiri maji yalikuwa yameshuka vidole vitatu, na hakuna aliyefungua bomba. Tulipochimba nyuma ya koki ya bomba la mvua tukakuta kona ya chuma ya zamani imeliwa na kutu, inatoa jasho la maji lisilokoma. Tuliondoa bomba lote la chuma la ukuta ule, tukaweka la plastiki la kuunganishwa kwa moto, kisha fundi bomba akalijaza maji kwa pampu ya mkono mpaka shinikizo la ba 10 na kuliacha saa nzima huku mshale hausogei. Ninasisitiza kwamba kipimo hiki hufanywa bomba likiwa bado wazi, kabla halijafunikwa.

Kuna unyevu wa aina nyingine ambao mara nyingi huchanganywa na huu. Ikiwa doa linaanzia sakafuni na kupanda kwa usawa kuzunguka chumba, pengine hadi kiunoni, na rangi inabanduka hata kwenye ukuta usio na bomba, maji hayo yanatoka ardhini, kwa kuwa nyumba ilijengwa bila kuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Hilo halitibiwi kwa kubadili bomba, na kigae hakilitibu pia. Hulificha tu, na unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea.

Baada ya hapo niligonga ukuta mzima kwa sarafu ya shilingi 200, kigae kimoja baada ya kingine, nikiwa nimezima redio na kufunga dirisha. Kigae kilichoshika hutoa mlio mkavu na mfupi. Kilichoachia hulia kama debe tupu. Niliweka alama ya kalamu kwenye kila kilicholia vibaya, na nilipomaliza, ukuta wa bomba la mvua ulikuwa umejaa alama, ukuta wa pembeni nusu yake, na ukuta wa dirisha ulikuwa salama kwa mlio. Hata hivyo nao ulikuwa na rangi ileile ya bluu chini yake, na hilo ndilo lililonifanya niamue kuubomoa pia. Mke wangu aliona ninapitiliza. Tulipoanza kuchokonoa, vigae vya ukuta huo vilitoka kwa mkono.

Tulibomoa plasta yote mpaka kwenye tofali, kwa tindo na nyundo, tukiwa tumevaa barakoa na miwani kwa sababu vumbi la saruji na mchanga linaharibu mapafu. Tundu la maji ya sakafuni tuliliziba kwa tambara kabla ya kugonga hata mara moja. Kifusi kikiingia humo ni janga jingine. Kisha nilipita kila tofali nikilikwaruza kwa msumari. Tofali zima hubaki na mchirizi tu. Mawili ya karibu na ile kona ya bomba yaliruhusu msumari kuzama karibu nusu kidole, tukayatoa na kujenga mengine.

Chumvi nyeupe iliyochanua juu ya tofali niliisugua kwa brashi ngumu ikiwa kavu kabisa, bila maji. Maji huiyeyusha na kuirudisha ndani, ikatokea tena baada ya wiki. Niliisugua, nikaifagia, nikasubiri siku mbili, nikasugua tena, mpaka ikaacha kutoka.

Kisha tukasubiri ukuta ukauke. Dirisha likiwa wazi na feni ikiwaka mchana, ilituchukua siku kumi na mbili. Kipimo changu kilikuwa kipande cha nailoni angavu cha kama nusu mita kila upande, nilichokibandika kwenye ukuta kwa utepe pande zote nne na kukiacha usiku kucha. Asubuhi, ikiwa upande wa ndani wa nailoni una matone, ukuta bado unatoa maji. Mara ya kwanza nilikuta matone, mara ya pili ukungu hafifu, mara ya tatu nailoni ilikuwa kavu.

Ndipo tukapiga plasta mpya. Nitaeleza vipimo hapo chini kama kuna atakayehitaji, ila kwa sasa naomba maoni yenu kuhusu hatua hizi.

MamaWawili (Morogoro)

Nakushukuru sana kaka kwa kuandika kwa kina. Mimi ninavyo vigae vitatu tu vinavyocheza karibu na sinki, vingine vyote vinaonekana vizima. Je, nami nibomoe ukuta mzima? Uwezo wa kufanya hivyo kwa mwaka huu sina.

Mleta uzi

Dada, usibomoe kabla hujagonga. Vitoe hivyo vitatu taratibu, ukate kwanza grauti (saruji ya kujazia kati ya vigae) inayovizunguka ili usivitikise vya jirani, kisha uvigeuze uone kilichoachia ni nini. Kama nyuma ya kigae ni safi kabisa na gundi yote imebaki ukutani, basi tatizo ni ubandikaji: pengine kigae kilikuwa na vumbi au gundi ilikwisha kukauka kabla hakijawekwa. Hapo unaondoa gundi ya zamani, unabandika upya, basi. Kama kigae kimetoka na kipande cha plasta, chimba plasta hiyo mpaka ufike penye nguvu, hata kama ni zaidi ya eneo la vigae vitatu. Kama kimetoka na rangi, kama changu, nasikitika kusema kwamba vinavyofuata vinasubiri zamu yao tu, ingawa bado unaweza kuanza na ukuta unaopata maji na kuuacha mwingine kwa mwaka ujao.

FundiMstaafu (Moshi)

Mleta uzi, nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka thelathini na nimefurahi kuona mwenye nyumba anayekubali kusubiri. Wengi wetu mafundi hulaumiwa kwa kulipua kazi, na lawama nyingine tunastahili, lakini pia tunafukuzwa na wateja wanaotaka kuoga Jumapili.

Naomba uweke hapa vipimo vya plasta yako. Sababu ya kuuliza ni kwamba nimeona watu, wakiogopa ukuta kuoza tena, wanazidisha saruji wakidhani wanaongeza nguvu. Saruji ikizidi, plasta hunywea inapokauka, hupasuka nyufa ndogondogo, na hujivuta mpaka ikaachana na tofali. Tabaka la juu halipaswi kuwa gumu kuliko la chini yake.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na ninashukuru kwa swali hilo.

Jioni ya siku iliyotangulia tuliulowesha ukuta kwa brashi, na asubuhi tukaulowesha tena kidogo, ili tofali liwe na unyevu wake lakini maji yasionekane yakitiririka. Tofali kavu hufyonza maji ya plasta kabla saruji haijashika. Kisha tukarusha rafu, yaani tabaka la kwanza lenye makwaruzo, kwa mwiko, ndoo moja ya saruji kwa ndoo mbili za mchanga mnene, bila kuilainisha hata kidogo, tukaiacha na makwaruzo yake siku mbili huku tukiinyunyizia maji. Plasta yenyewe ilikuwa ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni tuliukataa, ingawa uko karibu na ni rahisi, kwa sababu chumvi yake ndiyo hiyohiyo tuliyokuwa tukiisugua wiki nzima.

Tuliposhusha timazi tuligundua kwamba ukuta wa bomba la mvua umeegemea ndani kwa milimita 22 kutoka darini hadi sakafuni. Fundi alipendekeza tofauti hiyo tuifidie kwa gundi ya vigae. Nilikataa, kwa kuwa gundi imetengenezwa kwa tabaka la milimita chache, na ikijazwa nene hunywea na kukivuta kigae. Tuliunyoosha kwa plasta katika matabaka mawili, hakuna lililozidi milimita 15, la kwanza tukalichora mistari kwa msumari lingali bichi ili la pili lipate pa kushika.

Jambo ambalo nusura tukosane na fundi ni umaliziaji. Alikwisha kuandaa niru (uji wa saruji tupu wa kung'arishia), anataka ukuta ung'ae kama sakafu ya sebule. Nilimwomba auache na ukwaruzo wa ubao, kwa maana uso uliong'arishwa kwa saruji tupu ni ngozi tu, na kigae kikiushika huo kimeshika ngozi. Tulimwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, tukiwa tumetundika magunia yaliyoloweshwa, kisha tukauacha ukauke wiki mbili na nusu.

FundiMstaafu

Marahaba. Hapo sina la kukosoa, ila la kuongeza. Baada ya plasta kukauka, weka rula ya aluminiamu ya mita 2 ukutani, wima, mlalo na mshazari. Mwanya ukizidi milimita 3 kati ya rula na ukuta, rekebisha kabla ya gundi. Zamani tulibandika vigae vidogo vya sentimita 15 kwa 15, na ukuta wenye mawimbi ulisameheka. Sasa watu wananunua vigae vya sentimita 30 kwa 60, na kigae kirefu hakipindi kufuata ukuta.

Jambo jingine ni mabonge matano. Fundi anaweka bonge la gundi kila pembe ya kigae na moja katikati, anakandamiza, kigae kinasimama. Nyuma yake unabaki uwazi ambao maji hujikusanya humo. Bafuni gundi ienee nyuma ya kigae karibu chote. Atumie mwiko wenye meno, apitishe mistari upande mmoja, na kila baada ya vigae vichache akibandue kimoja aone gundi imeenea kiasi gani.

Na kuhusu kuloweka vigae kwenye ndoo, desturi hiyo ni ya kigae cha udongo kinachofyonza maji, kilichokuwa kikibandikwa kwa saruji tupu. Kigae cha poseleni hufyonza chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Ukikiloweka hakinywi kitu, na saruji tupu haina pa kuingia ikakishika. Hicho kinahitaji gundi maalumu iliyochanganywa polima.

Kaskazi (Mombasa)

Asalamu aleikum. Kwetu bafu lilipigwa plasta ya simiti zamani, kisha juu yake fundi akapaka jasi nyeupe ili ukuta uwe laini kwa rangi. Sasa tunataka vigae. Fundi asema jasi ikikwaruzwa yatosha. Ni kweli?

Mleta uzi

Waaleikum salaam. Ndugu yangu, iondoe yote. Jasi ni nzuri sebuleni na chumbani, lakini ikilowa hulegea. Halafu kuna jambo la kikemia ambalo si la kupuuzwa: salfeti iliyomo kwenye jasi ikikutana na saruji ya gundi mahali penye unyevu, huzaliwa fuwele zinazovimba kidogokidogo, na uvimbe huo hutokea palepale gundi inaposhikana na ukuta. Kigae hutoka kizima na gundi yake mgongoni. Mahali pakavu watu huizuia kwa kupaka praima kwanza, ila penye bomba la mvua mimi nisingejaribu. Jasi ya aina hiyo ni milimita chache tu. Ukiilowesha na kuikwangua kwa mwiko mpana, inatoka kwa siku moja.

MtuWaUnguja (Zanzibar)

Naomba niingize neno kwa ajili ya wenye nyumba za kale, kwa sababu yaliyosemwa hapo juu yanaihusu nyumba ya tofali za saruji, na mtu wa Mji Mkongwe akiyafuata yalivyo ataiumiza nyumba yake.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa, mchana na usiku, na ndivyo ulivyodumu. Ukiupiga plasta ya saruji kisha ukaufunika kwa vigae, unyevu haupati pa kutokea, unabaki ndani, chokaa inalegea na mawe yanaanza kumomonyoka nyuma ya vigae vinavyong'aa. Bafu likiwa ghorofani ni hatari zaidi, maana ncha za boriti za mikoko zimeingia ukutani, na boriti huanza kuoza kwenye ncha. Nimewahi kuiona moja iliyotolewa chini ya bafu la jirani: katikati ngumu kama chuma, na ncha yake unaweza kuibomoa kwa kucha.

Sisi tulibandika vigae kwenye pembe ya kuogea pekee, tena si juu ya ukuta wa zamani bali kwenye kijiukuta chembamba kilichojengwa mbele yake na kuachiwa nafasi ya hewa. Sehemu iliyobaki tuliirudishia plasta ya chokaa na kuipaka chokaa. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, hivyo haitaki haraka. Kumbukeni pia kwamba Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukarabati una taratibu zake za vibali. Ulizeni kwanza kabla ya kuinua tindo.

Mleta uzi

Ahsante sana, sikuwa nimeyafikiria hayo, na nimefurahi umeyasema kabla mtu hajafuata maelezo yangu kwenye nyumba ya chokaa.

MamaWawili

Kaka, samahani kwa kurudi. Nimegonga kama ulivyoelekeza. Vilivyoachia ni vinane, vyote upande wa sinki, na vimetoka na plasta. Nitabomoa upande huo peke yake. Na ile dawa ya kuzuia maji inayopakwa ukutani kabla ya vigae, ni ya lazima? Dukani nimeambiwa bei yake nikarudi nyumbani kimya.

Mleta uzi

Pole dada. Kwa ukuta wa sinki, ambao hupata matone tu, plasta nzuri iliyokomaa inatosha, mradi uzibe kwa silikoni pale sinki linapokutana na vigae. Fedha ya dawa iweke kwa ajili ya ukuta wa kuogea na sakafu yake. Kigae chenyewe hakipitishi maji, lakini grauti ya saruji hupitisha, na ndiyo maana ukuta wa bomba la mvua unahitaji kinga nyuma ya vigae.

Mimi nilipaka mikono miwili, wa kwanza kwa mlalo na wa pili kwa wima baada ya wa kwanza kukauka, kutoka sakafuni hadi mita 2. Kwenye pembe zote, ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu, tulilaza kitambaa cha wavu ndani ya mkono wa kwanza ungali mbichi, kwa kuwa pembe ndizo hupasuka mwanzo. Tulizungushia pia kila tundu la bomba. Ilipokauka tuliziba tundu la sakafu, tukajaza maji ya kina cha vidole viwili, tukatia alama, tukaacha saa 24. Maji hayakushuka, na chumba cha jirani hakikuonyesha doa. Kesho yake fundi akaanza kubandika.

Kaskazi

Na matundu ya kutobolea kioo na kishikio cha taulo? Si yataitoboa hiyo dawa?

Mleta uzi

Yataitoboa, ndiyo. Kwa hiyo ndani ya eneo la kuogea sikutoboa ila matundu mawili ya kishikio cha bomba la mvua. Nilitoboa kwa keekee yenye ncha ya vigae, bila kuiweka kwenye mtindo wa kugonga, nikapuliza vumbi likatoka, nikajaza silikoni ndani ya tundu kabla ya kuingiza plagi, na nikaipaka tena skrubu yenyewe kabla ya kuikaza, mpaka silikoni ikajitokeza pembeni nikaifuta kwa kidole. Kishikio cha taulo kiko nyuma ya mlango.